Kuchagua trela la kambi la familia litakalovutwa na dabo kebini: mwongozo kamili

Wenye Hilux, Ranger na D-Max wengi wanajua namba moja kuhusu kuvuta: tani tatu na nusu. Wakianza kutafuta trela la kwenda nalo Mikumi, Saadani au Lushoto na watoto, wanaichukua namba hiyo kama ruhusa. Wanaangalia vitanda, wanaangalia jiko, wanalipa. Baadaye pikapu inakaa chini nyuma, taa zinamulika vilele vya miti, usukani unakuwa mwepesi mkononi, na trela linatikisika kila basi la mikoani linapowapita njia ya Chalinze.

Tatizo linajirudia kwa sababu watu huanzia kwenye trela. Anza na gari lako na watu wako, trela lije mwisho. Mwongozo huu ni wa mtu wa Dar es Salaam mwenye pikapu ya saizi ya kati na familia ya watu wanne au watano.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa gari la aina hii na barabara zetu, trela la familia likishajazwa kila kitu lisizidi kilo 1,400, na liwe na breki zake lenyewe. Hatua zifuatazo zinaonyesha sababu, na zinakupa njia ya kupata kikomo cha gari lako wewe.

## Andaa vitu hivi kabla ya kwenda kuangalia trela lolote

- Kitabu cha gari, au picha ya bamba la uzito (huwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti)
- Futi kamba ya mita 5
- Mizani ya kupimia watu, ile ya bafuni
- Ubao mnene wa mita 1, matofali mawili na vipande viwili vya bomba la chuma
- Tochi na kipande cha sumaku
- Jeki, spana ya magurudumu na matambara
- Daftari na kalamu

Sumaku ni ya kugundua palipozibwa kwa plasta na kupakwa rangi: kwenye chuma kizima itanasa, kwenye plasta itadondoka.

## Hatua ya 1: Soma namba nne za pikapu yako

Kwenye bamba au kitabu tafuta namba hizi: uzito wa juu wa gari likiwa limepakiwa, uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, kikomo cha ekseli ya mbele na kikomo cha ekseli ya nyuma. Kisha tafuta uzito wa gari likiwa tupu, na uzito ambao mkono wa trela (chuma cha mbele kinachounganishwa na gari) unaruhusiwa kukandamiza boli, ile tufe ya chuma iliyo nyuma ya gari.

Usichukue namba za rafiki yako mwenye gari linalofanana na lako. Toleo la injini ndogo, la gia za kawaida au lisilo na foo wili linaweza kuwa na kikomo tofauti kabisa, hata kama bodi ni ileile.

Angalia pia uwezo wa kuvuta trela lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi za saizi hii ni kilo 750 tu. Zile tani tatu na nusu zinahusu trela lenye breki, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: wananunua trela la kilo 1,100 lisilo na breki wakidhani wako mbali sana na kikomo.

## Hatua ya 2: Fanya hesabu ya familia yako

Hapa ndipo palipo na uzito wa suala zima, kwa hiyo tulia. Chukua mfano wa pikapu ambayo uzito wake wa juu ni kilo 3,000 na ikiwa tupu ni kilo 2,100. Inabeba kilo 900. Sasa toa:

- Bampa ya chuma na winchi: 90
- Bodi la kufunika nyuma: 70
- Baba, mama na watoto watatu: 260
- Friji iliyojaa: 50
- Mabegi, vifaa, viti na meza: 120

Jumla ni kilo 590. Zimebaki 310.

Trela nalo linakula kwenye hizo 310. Ili litulie barabarani, mkono wake unapaswa kukandamiza boli kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote wa trela, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa pikapu. Trela la kilo 3,500 lingehitaji kilo 350. Tayari umezidi, hata kabla hujaweka mkaa.

Kuna jingine. Boli haiko juu ya ekseli, iko nyuma yake kwa mita 1.2 hivi. Hilux ya sasa ya dabo kebini ina milimita 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiweka kilo 130 kwenye boli, ekseli ya nyuma inapokea karibu kilo 180, kwa sababu ya mbele imenyanyuliwa kilo 50 hivi. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa zinaangalia juu. Kufunga springi ngumu au mifuko ya upepo kutanyanyua mkia wa gari machoni tu. Kikomo cha ekseli kinabaki palepale.

Malizia na uzito wa pamoja. Tuseme kikomo chake ni kilo 5,500. Gari na familia ni 2,690, kwa hiyo trela haliwezi kuzidi 2,810, na hilo ni kwenye karatasi. Ekseli ya nyuma na njia za hatua ya 4 ndizo zinazonifanya nishuke hadi 1,400.

Umefanikiwa ukiwa na namba tatu daftarini: kilo zilizobaki kwenye gari, kilo zilizobaki kwenye uzito wa pamoja, na uzito ambao boli inaruhusiwa kubeba. Namba inayobana zaidi ndiyo inayotawala.

## Hatua ya 3: Pima kweli, usikisie

Jaza tangi la dizeli, pakia familia na mizigo ya safari, uende kwenye mizani ya magari. Jijini zipo kwenye yadi za vyuma chakavu na maghala makubwa. Ongea na mwenye mizani, ada huwa ya kuelewana. Pima gari zima, kisha sogeza hadi magurudumu ya nyuma tu yabaki juu ya sahani, upime tena.

Tangi la lita 80 la dizeli ni kilo 67 hivi, na ni vitu kama hivyo vinavyofichika kwenye hesabu ya mezani. Ukikuta gari ni zito kuliko ulivyoandika, iamini mizani.

Mizani ya malori husoma kwa hatua kubwa, mara nyingi kilo 10 au 20. Usiitumie kupimia uzito wa mkono wa trela. Kwa hilo kuna mizani ya bafuni, tutaifikia kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Chagua aina kwa njia ya mwisho, si kwa picha

Barabara ya lami hadi Mikumi, karibu kilomita 280 kutoka Dar, haimsumbui mtu. Jiulize kuhusu kipande cha mwisho, kutoka lami hadi unapolala. Kama ni mchanga wa ufukweni, njia ya kuingilia Saadani, au udongo mweusi wa bonde la Mkata wakati wa masika, trela kubwa litakulaza njiani. Kupanda Lushoto kutoka Mombo ni kona juu ya kona, na ukienda Iringa kuna Kitonga: mlima mkali, malori mbele na nyuma, na hakuna nafasi ya kulipita lori huku unavuta.

Aina utakazokutana nazo ni hizi.

Trela la mizigo lenye hema la juu. Sanduku la chuma au alumini, hema limefungwa juu ya kifuniko. Likiwa tupu huwa kati ya kilo 400 na 700. Ni jepesi, linapita popote pikapu inapopita, na mwaka mzima linakubebea saruji na mbao. Kasoro ni ngazi: mtoto wa miaka mitatu anayeamka usiku kwenda kujisaidia, au bibi mwenye magoti mabovu, hawaifurahii.

Trela la hema la kukunjua. Turubai linafunguka pembeni, kitanda cha wakubwa kinabaki juu ya trela na watoto wanalala chini kwenye sakafu ya hema. Kwa familia ya watu watano hili ndilo ninalolipendekeza kwanza. Kilo 700 hadi 1,000 likiwa tupu. Linataka eneo pana na muda wa kulisimamisha.

Karavani la paa la kunyanyua. Kuta ngumu, paa linapanda ukifika. Upepo hauligongi sana barabarani kwa sababu ni fupi. Mengi yanaanzia kilo 1,100 tupu, na hapo ndipo dabo kebini yenye familia inapoanza kukosa nafasi.

Karavani kamili. Kwa gari la saizi hii, na njia tulizozitaja, ninakushauri uache. Uzito si kikwazo pekee. Ule ukuta wa mbele wenye urefu wa mita mbili na nusu unapambana na hewa muda wote. Dizeli inakwenda, joto la injini linapanda, na lori likikupita unavutwa kisha unasukumwa.

Kabla ya kuamua, pima pia lango la nyumbani na uchochoro wa kufikia lango. Sinza au Kimara kuna mitaa ambayo trela la upana wa mita 2.3 litaingia ila halitapata kona.

Rangi ya turubai nayo ina maana yake. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na maeneo kama Mikumi, Saadani na Hifadhi ya Nyerere wapo. Chagua rangi ya mchanga au kijani iliyopauka. Kitambaa kiwe cha pamba iliyochanganywa, kinachopumua. Turubai la plastiki tupu kwa joto la Januari litawatoa nje usiku.

## Hatua ya 5: Soma uzito wa trela, kisha lipunguzie sifa

Bamba la trela lina namba mbili: uzito mtupu na uzito wa juu. Tofauti yake ndiyo nafasi yako.

Trela lenye kilo 780 tupu na 1,300 za juu linakupa kilo 520. Hilo linafaa. Ila kuna matrela mazuri sana machoni yenye kilo 1,250 tupu na 1,400 za juu. Kilo 150 tu! Tangi la maji la lita 100 peke yake ni kilo 100, betri ya kawaida ya 100Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme unaotunzwa) ni karibu kilo 28, na hujaweka hata sufuria.

Muulize muuzaji: uzito mtupu ulipimwa kabla au baada ya kufunga hema, tairi la akiba, betri na jiko? Kama hana jibu, sharti lako liwe kupita kwenye mizani kabla ya kulipa.

### Ukitengenezesha hapa mjini

Mafundi wa Gerezani wanaweza kukutengenezea trela la kudumu miaka mingi. Tatizo lao ni moyo mweupe: wanataka kitu kisivunjike, kwa hiyo wanaweka chuma kinene kila mahali. Bati la chuma la milimita 3 lina kilo 23.5 kwa kila mita ya mraba. Sanduku la urefu wa mita 2.4, upana 1.5 na kimo cha nusu mita lina eneo la mita za mraba 7.5 bila kifuniko. Kwa bati la milimita 3 hiyo ni kilo 176. Kwa milimita 1.5 ni kilo 88, nusu kamili, na sanduku halitavunjika kwa mizigo ya kambi.

Nguvu iwekwe inapohitajika: chesi, mkono wa mbele na mahali springi zinapofungwa. Mwandikie fundi karatasi yenye unene wa kila bati, muweke saini wote wawili, na uende na futi yako kazi ikiwa bado haijapakwa rangi. Usikubali ekseli iliyotolewa kwenye gari bovu bila kujua ilikuwa inabeba nini.

## Hatua ya 6: Ingia chini ya trela

Tandika tambara, lala chini, washa tochi. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Chesi na mkono. Pitisha mwanga kwenye kila kiungio cha kuchomelea, hasa pale mkono unapokutana na chesi. Mpasuko mwembamba kama unywele unaotoa mstari wa kutu ni sababu ya kutosha kuachana nalo. Matrela yaliyokaa Kigamboni, Mbezi Beach au Kunduchi huliwa na chumvi ndani kwa ndani. Gonga chuma kwa spana usikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Ukipata chesi iliyozamishwa kwenye zinki, ongeza bei kidogo bila kinyongo.

Matairi. Trela zuri linatumia rimu na tairi zinazoingia kwenye pikapu yako. Hilux, Ranger, D-Max na L200 zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, Navara ya kisasa ina sita pia lakini kwenye milimita 114.3, haziingiliani. Mashimo kulingana hakutoshi: funga rimu ya trela kwenye gari, zungusha, hakikisha haigusi breki na nati zimeketi sawasawa. Umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ukilingana na wa gari, trela linafuata njia ileile mchangani badala ya kuchimba njia yake.

Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za trela huisha kwa umri kabla ya kuisha kashata, kwa hiyo zikipita miaka sita weka gharama ya mpya kwenye mazungumzo ya bei.

Beringi. Nyanyua kila upande kwa jeki. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Lizungushe ukisikiliza: mlio wa kusaga ni beringi kwenda. Fungua kikofia cha habu (kitovu cha gurudumu), angalia grisi. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yaliingia. Andika namba zilizogongwa kwenye beringi, ununue seti nzima na sili zake Kariakoo kabla ya safari ya kwanza. Kule mbele ya Doma, saa kumi na mbili jioni, hakuna wa kukuuzia.

Breki. Kuna za kusukumwa, ambapo trela likiisukuma gari breki zinakaza zenyewe, na kuna za umeme zinazotaka kifaa cha kuziongoza ndani ya gari. Za kusukumwa ni rahisi kwa mafundi wetu na zinatosha kwa uzito tunaouzungumzia. Za umeme ni bora kwenye mteremko mrefu na zinakupa uwezo wa kushika trela peke yake likianza kuyumba. Zijaribu zozote utakazopata: vuta breki ya mkono ya trela, kisha jaribu kulisukuma. Likisogea, halijapita.

Boli na kikombe. Kikombe ni kile chuma cha mwisho wa mkono kinachofunika boli. Matrela ya Afrika Kusini na Ulaya hutumia boli ya milimita 50. Ya Marekani ya inchi 2 ni kubwa kidogo, 50.8, na kikombe cha 50 hakiingii juu yake inavyotakiwa. Chuma kinachobeba boli kifungwe kwenye chesi ya pikapu kwa bolti, chenye bamba la uwezo wake. Bampa ya nyuma yenye tundu la boli haikutengenezwa kuvuta familia yako.

## Hatua ya 7: Pima uzito wa mkono

Hili halichukui robo saa, na linatabiri tabia ya trela barabarani kuliko jaribio lolote. Trela liwe limepakiwa, limesimama bapa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe.

1. Weka tofali upande mmoja na mizani ya bafuni upande wa pili. Laza kipande cha bomba juu ya kila kimoja, umbali kati ya mabomba uwe sentimita 90.
2. Laza ubao juu ya mabomba. Soma uzito ambao mizani inaonyesha, uuandike ili uutoe baadaye.
3. Weka alama kwenye ubao, sentimita 30 kutoka bomba la upande wa tofali.
4. Simamisha tofali la pili juu ya alama na ushushe mkono wa trela taratibu ulale juu yake.
5. Soma mizani, toa uzito ulioandika kwenye namba 2 hapo juu na wa tofali (tofali linahesabika kwa theluthi yake tu), kisha zidisha kwa tatu.

Ukibaki na 43, mkono una kilo 129. Kwa trela la kilo 1,290 hiyo ni asilimia 10 sawasawa.

Chini ya asilimia 7 trela linaweza kuanza kuyumba ukiongeza mwendo. Juu ya 13 unaionea ekseli ya nyuma ya gari. Rekebisha kwa kuhamisha mizigo: vizito viwe sakafuni, usawa wa ekseli, vyepesi miisho yote miwili. Angalia tangi la maji liko wapi. Likiwa nyuma ya ekseli, likijaa linanyanyua mkono. Likiwa mbele, linaukandamiza. Pima tangi likiwa limejaa, kisha tupu, na trela lipite majaribio yote mawili.

## Hatua ya 8: Mlango, umeme, gesi

Tanzania tunaendesha kushoto. Trela la Marekani lina mlango kulia, maana yake ukisimama pembeni mwa barabara watoto wanashukia upande wa malori. Umeme wake wa ndani ni wa volti 120 wakati wetu ni 230. Hizo sababu mbili zinatosha kukuelekeza kwenye ya Afrika Kusini, ambako kampuni kama Conqueror na Echo zimekuwa zikitengeneza matrela kwa njia za Afrika na upande wa barabara ni wetu.

Friji ya lita 40 kwa joto la Pwani inaweza kula 40 hadi 50Ah kwa siku. Betri ya kawaida ya 100Ah usiishushe chini ya nusu, hivyo inakupa siku moja bila jua. Ya lithiamu ina karibu kilo 12 badala ya 28 na unaitumia karibu yote. Ni ghali, na kwa mtu anayehesabu kilo inalipa.

Sanduku la mtungi wa gesi lazima liwe na matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama. Hakikisha regyuleta inaingia kwenye mitungi inayouzwa mtaani kwako. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema hata kama mvua inanyesha na makaa yameshafifia: hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

## Hatua ya 9: Isimamisheni wote, nyumbani au kwa muuzaji

Nenda na familia nzima. Mfungue hema wenyewe, muuzaji akiwa amekaa pembeni. Kila mtu apande kitandani mwake, alale, ajigeuze. Mtoto mdogo ashuke ngazi mkimtazama. Mmwage maji ya ndoo juu ya mishono na madirisha, kisha mtafute unyevu ndani kwa tishu.

Wavu wa madirisha uangalieni karibu. Tundu linalopita kidole gumba cha mtoto litapitisha mbu wote wa Rufiji.

Mkiweza kulisimamisha na kulikunja bila kugombana, na wazee wamepata kitanda wanachokifikia, limepita. Kumbukeni pia kwamba mkirudi na turubai bichi, lazima lifunguliwe na kukaushwa siku hiyohiyo, la sivyo ukungu wa Dar utalimaliza ndani ya juma. Je, nyumbani kuna uwanja wa kulifungua?

## Hatua ya 10: Karatasi

Namba ya chesi iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe na ilingane na hati. Trela linasajiliwa TRA na kupata namba yake. La kutengenezesha nalo lisajiliwe kabla halijaingia barabarani. Ulizia bima ya trela peke yake, na umwandikie wakala wa bima wa pikapu kwamba utavuta. Pita kwa askari wa usalama barabarani uthibitishe daraja la leseni yako linaruhusu.

Ukiagiza nje, kodi hukokotolewa juu ya bei pamoja na bima na usafiri, na VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya hapo. Kwa trela lililotengenezwa Afrika Kusini, mwombe muuzaji cheti cha asili cha SADC mapema, wakala wako wa forodha akuambie kitakupunguzia kiasi gani. Cheti hicho hakitafutwi mzigo ukiwa umeshafika Tunduma.

## Hatua ya 11: Safari ya majaribio kabla ya safari yenyewe

Bagamoyo kwenda na kurudi inatosha. Ondoka asubuhi Jumapili, barabara ikiwa nyepesi.

Baada ya kilomita 20 simama mahali salama. Weka kiganja kwenye kila habu. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono hapo, beringi imekazwa mno au breki inashika, usiendelee. Gusa na matairi: moja likiwa la moto kuliko mwenzake, pima upepo. Kaza nati zote tena, kwa maana rimu zikifungwa upya hulegea kilomita za mwanzo.

Vuka matuta taratibu ukisikiliza kama mkono unagonga lami. Tafuta uwanja mtupu ujifunze kurudi nyuma, mwenzako akiwa nje anakuelekeza. Shika usukani kwa mkono mmoja, sehemu yake ya chini: unakousogeza mkono ndiko trela linakoelekea.

Trela likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani wima, uache gari lipunguze mwendo lenyewe. Usikanyage breki za gari na usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mwendo. Kama una breki za umeme, zishike kwa kitufe cha mkono. Likitulia simama, rudia hatua ya 7. Mara nyingi kuna kitu kizito kimehamia nyuma.

Mkirudi, ingia chini kwa tochi tena. Tafuta nati zilizoacha alama ya kusogea, nyaya zilizokwaruzwa, na grisi iliyorushwa ndani ya rimu. Rekebisha ulichokiona, kisha ndipo uweke tarehe ya Mikumi.